Trela ni nyepesi mpaka upakie unga wako

Tangu nimenunua trela ya kulala, ile nyumba ndogo inayovutwa na gari, Wabongo wenzangu hapa Columbus, Ohio, Marekani, wamegawanyika makundi mawili, kuna wanaoamini nimefilisika na kuna wanaoamini nimeokota hela mpaka nakosa pa kuzipeleka. Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ina kilo ngapi, na jamani hilo ndo swali lenyewe, mengine yote yanafuata baadae.

Niwaeleze kwanza nafanya nini. Mimi ni nesi wa mikataba, huku wanaita travel nesi. Hospitali ikipungukiwa watu inakuchukua kwa wiki 13, zikiisha mkikubaliana unaongeza, msipokubaliana unafungasha unaenda mji mwingine. Zamu za saa kumi na mbili, tatu kwa wiki, mimi napenda za usiku maana zinalipa zaidi kidogo na mabosi wamelala. Kazi haina shida, mgonjwa ni mgonjwa popote. Kinachoumiza kichwa ni pa kulala. Vijimji vidogo havina nyumba za kupanga za miezi mitatu, na zilizopo wenye nyumba wameshajua nesi ana posho ya makazi, basi wanapandisha. Ukipanga chumba ndani ya nyumba ya mtu ndo balaa lingine, umetoka zamu, umefika saa mbili asubuhi unataka kulala, yeye ndo anawasha blenda.

Ndo nikaanza kuangalia trela. Sio yale majumba ya magurudumu yanayovutwa na pikapu la nguvu, hapana, nazungumzia zile ndogo za ekseli moja, futi kumi na nane hivi, kitanda huku mbele, choo na bafu kona ya nyuma, meza, jiko la gesi la mafiga mawili, friji, basi. Wauzaji wanazitangaza kuwa ni nyepesi, na ukilinganisha na madude ya tani nne na tano ni kweli. Yangu, karatasi ya kiwandani inasema pauni 2,900 ikiwa tupu, kama kilo 1,315, na ikishapakiwa kila kitu isizidi pauni 3,800, yaani kilo 1,720 na ushee. Gari langu ni SUV ya familia ya silinda sita, kitabu chake kinasema inavuta mpaka pauni 5,000. Yule kijana wa yadi akatoa kalamu akapiga hesabu mbele yangu, 5,000 toa 2,900, dada una nafasi tele.

Hiyo hesabu ni ya kumuuzia mtu, sio ya kuendesha barabarani. Ule uzito wa tupu mara nyingi hauhesabu betri, hauhesabu mitungi ya gesi ikiwa imejaa, saa nyingine hata turubai la kivuli halimo. Mtungi mmoja wa kawaida ukijaa unakaribia kilo 17 pamoja na chuma chake, na inakaa miwili. Betri ya asidi kilo ishirini na zaidi. Tenki la maji safi ni galoni 30, ambazo ni lita 113, na lita ya maji ni kilo, kwahiyo hapo ushabeba mtu mzima mnene na hujaweka hata kijiko. Halafu sasa ndo uje mzigo wetu sisi. Wazungu wanasafiri na sahani za plastiki na mkate. Mimi nina unga wa sembe, mchele, maharage, sufuria ya ugali ile nzito isiyopinda, mbuzi ya nazi (mtu wa Tanga haachi mbuzi nyumbani), ndoo, mafuta, na shemeji yangu siku ya kunisaidia kupakia alikuja na kinu. Kinu cha mti! Nikamwambia shemeji, kinu kinabaki Columbus, tutasaga kwa mashine.

Na bado kuna namba nyingine ambayo muuzaji hakuigusa kabisa. Fungua mlango wa dereva utaona stika ya njano kwenye fremu, imeandikwa watu na mizigo visizidi kiasi fulani. Langu linasema pauni 1,240. Ndani ya hiyo 1,240 yanaingia makalio ya kila mtu aliyekaa kwenye gari, mizigo ya buti, na ule uzito ambao trela inaukandamiza kwenye tobaa, yaani kile chuma cha nyuma ya gari kinachoshika trela. Na trela inatakiwa ikandamize tobaa kwa asilimia 10 mpaka 15 ya uzito wake wote, ikipungua hapo inaanza kuyumba, ikizidi inainamisha gari nyuma mpaka usukani unakuwa mwepesi. Chukua trela iliyopakiwa pauni 3,600, piga asilimia 13, unapata karibu 470. Tobaa langu mwisho wake ni 500. Ukishatoa 470 kwenye 1,240 umebaki na 770, kama kilo 350, weka mimi, weka mume wangu ambae sio mdogo, weka watoto wawili ambao sa hivi wananizidi urefu, weka masanduku, kwisha. Kwahiyo ile 5,000 ya kwenye kitabu hutaifikia hata siku moja, stika itakusimamisha zamani. Watu wengi nawaona barabarani gari limekaa mkao wa kuchuchumaa, taa za mbele zinamulika mbinguni, najua hawajawahi kuusoma ule mlango.

Wote tuliopanda basi la mikoani tunaijua mizani, Vigwaza pale basi linaingia, kondakta ana wasiwasi. Huku mwenye trela ya kulala hakamatwi kirahisi, unajipeleka mwenyewe. Kwenye vituo vikubwa vya malori kuna mizani za CAT Scale, kampuni ya Iowa iliyoanza mwaka 1977, ni sahani ndefu iliyogawanyika vipande vitatu, unaweka matairi ya mbele kipande cha kwanza, ya nyuma kipande cha pili, trela kipande cha tatu, unabonyeza kitufe unaongea na mtu wa dukani, kisha unachapishiwa karatasi. Haifiki dola ishirini. Halafu unaenda pembeni unafungua trela, unarudi na gari peke yake, unapima tena, na kwa kutoa namba hizo mbili unajua tobaa linabeba kiasi gani. Malori yanakusubiri nyuma lakini madereva wake ni wastaarabu sana kwenye hilo, wanapenda kuona mwenye gari dogo anajipima.

Karatasi yangu ya kwanza ilinifungua macho. Uzito wote ulikuwa ndani ya kipimo, vizuri, ila tobaa lilikuwa linabeba asilimia tisa tu. Sababu yake ni tenki la maji, limewekwa nyuma ya ekseli, likijaa linanyanyua pua ya trela. Sasa nasafiri na maji robo tu, ya kunawa na choo, najaza nikifika. Unga, mchele na kreti la vyakula vimehamia chini ya kitanda mbele, na karatasi iliyofuata ikaja asilimia 12 na kitu. Haikuhitaji kununua chochote, ni kuhamisha gunia tu.

Kuhusu kuvuta kwenyewe. Mbele ya magari madogo trela inaenda tu, husikii kitu, kinachokufundisha adabu ni lori kubwa likikupita. Linapokaribia, upepo wake unakusukuma pembeni kwanza, halafu likishakuwa sambamba na wewe unavutwa kuelekea kwake, na trela nyepesi yenye ubavu mpana inaupokea wote huo upepo. Nina kile chuma cha kuzuia kuyumba kimefungwa pembeni ya tobaa na kinasaidia sana, ila dawa ya kwanza ni uzito kukaa mbele na ya pili ni mwendo. Mimi naenda maili 60 kwa saa, kama kilomita 97, sipitishi. Matairi mengi ya trela, hasa ya zamani, yametengenezwa kwa mwisho wa maili 65 na watu wanayakimbiza 80 wakiwa na joto la Julai halafu wanalalamika tairi imepasuka. Ikianza kuyumba usikanyage breki ya gari, achia mafuta taratibu, shika usukani tuli, na kwenye kile kiboksi cha breki ya trela kilichopo chini ya dashibodi unasukuma kidole ili trela ijifunge yenyewe nyuma, inanyooka kama mbuzi aliyevutwa kamba. Ndo maana kile kiboksi naona ni lazima hata kama trela ni ndogo.

Mkataba wangu wa sasa uko West Virginia upande wa Beckley. Kutoka Columbus unashuka barabara ya 23 mpaka Chillicothe, unashika ya 35, mpaka hapo raha mustarehe, ukifika Charleston unaingia barabara ya kulipia na milima inaanza. Waliopita Kitonga wakienda Iringa wanajua ninachosema, tofauti hapa ni kwamba lami ni pana. Kupanda gari linanguruma kwenye mizunguko elfu nne, niliogopa ila ndo injini ilivyotengenezwa, unaiacha inanguruma unakaa kulia na malori na taa za hazadi. Kushuka ndo kwenye kazi. Unateremsha gia kabla mteremko haujaanza, injini ikushike, breki unaigusa kwa muda mfupi kwa nguvu kisha unaachia ipoe, ukiikalia tu unasikia harufu ile ya kuungua. Na mafuta jamani, gari linalokunywa kidogo likiwa peke yake hapa linakunywa mara mbili, sio kwa sababu ya uzito hasa, ni upepo, unasukuma ukuta mbele. Ukipunguza maili tano tu za mwendo unaliona kwenye bei.

Kupaki peke yangu mwanamke. Hii naulizwa sana na kina dada. Trela fupi ni ngumu kurudi rivasi kuliko ndefu, inageuka haraka kabla hujafikiri, kwahiyo ni taratibu mno. Weka mkono chini ya usukani, pale namba 6 ilipo kwenye saa ya ukutani, unakotaka nyuma ya trela iende ndo unakosogezea mkono, basi, usianze kuwaza kinyume chake. Shuka uangalie, panda, shuka tena. Kambini lazima atatokea mzee mwenye kofia anakupungia mikono yote miwili kwa wakati mmoja, mwitikie kwa adabu, mshukuru, halafu angalia vioo vyako. Ukishakaa sawa, kabla ya kitu chochote, kabla hujafungua hata mnyororo, weka kabari kwenye matairi. Trela ikishaachana na gari haina breki inayoishika, ardhi ikiwa na mteremko kidogo tu inaondoka na mtungi wa gesi na kila kitu.

Sasa maisha ya ndani. Nalala mchana, na kuta ni nyembamba, unamsikia jirani anafungua soda. Nilichofanya ni kukata mapande ya zile foili za kuzuia jua za kwenye kioo cha gari, nimebandika madirisha yote na tundu la paa, kunakuwa giza kama saa nane usiku, halafu ile AC ya juu ina kelele za ajabu ambazo kwa mtu mwingine ni kero ila kwangu ndo zinafunika kelele za nje. Watoto wanapiga kelele, mbwa wanabweka, mimi nakoroma.

Umeme una mipaka yake. Trela ndogo inachukua ampea 30, kwa umeme wa huku wa volti 120 hiyo ni wati 3,600 kwa kila kitu. AC inakula kama 1,500, birika 1,500, maikrowevu elfu moja na zaidi. Ukiwasha vyote vitatu kwa pamoja fyuzi inaruka na unaoga gizani. Nikitaka chai nazima AC kwanza, mkono umeshazoea wenyewe.

Na maji. Kuna matenki matatu, maji safi, maji ya bafu na vyombo, na la choo. Wenyeji wanalalamika tenki la maji ya bafu linajaa haraka, kwa sababu wanaoga kwa shawa dakika kumi. Mimi nimelelewa na ndoo na kopo. Lita saba nane za maji ya moto na nimetakata, na kile kiboila cha galoni sita kinabakiza ya kuoshea vyombo. Hapa kwa mara ya kwanza tangu nije Marekani nina ujuzi ambao majirani wanakuja kuniuliza. La choo ni hivi, hata kama umeunganishwa na bomba la maji taka la kambini usiache koki wazi, maji yatakimbia na yale mengine yatabaki yakajenga mlima humo ndani, na mlima huo kuubomoa utalia. Acha lijae zaidi ya nusu, mwaga la choo kwanza, halafu fungua la bafu lisafishe mpira. Vaa glavu. Ile taa ya kuonyesha limejaa kiasi gani msiiamini, karatasi ikinata kwenye kihisio inakuambia limejaa miezi yote.

Kupika nimehamia nje. Kwanza kwa sababu ya dagaa, harufu ya dagaa wa kukaanga ndani ya trela inakaa kwenye godoro mpaka mkataba uishe. Pili ni unyevu. Gesi ikiungua inatoa mvuke, ugali unatoa mvuke, mimi mwenyewe napumua mvuke, na kukiwa na baridi nje vyote vinagandia kwenye kioo. Mwezi wa kumi na moja niliinua godoro nikakuta ubao wa chini umelowa kabisa kama umemwagiwa maji. Sasa kuna wavu chini ya godoro wa kupitisha hewa, tundu la paa linabaki wazi kidole kimoja hata kukiwa na baridi, na kifaa cha kunyonya unyevu kinajaza kikombe kila nikiamka. Baridi ikishuka chini ya sifuri naondoa mpira wa nje kabisa, natumia tenki la ndani, maana mpira ukiganda usiku ukitoka zamu asubuhi huna hata ya kunawia. Hita ya gesi inapasha vizuri sana ila inakula mtungi kwa siku chache, na feni yake inakula betri, kwahiyo nina kihita cha umeme kidogo cha kusaidiana nacho.

Kuhusu upya wake, msidanganyike na neno mpya. Trela nyingi za huku zinatoka eneo moja, Elkhart na vitongoji vyake kaskazini mwa Indiana, zinaundwa kwa kasi kubwa, mbao, gundi, stepla. Siku ya kuchukua yangu nilikaa yadi nusu siku, nikafungua kila koki, kila mlango, kila swichi. Bomba chini ya sinki lilikuwa linavuja kwenye kiungo, mlango wa kabati una skrubu moja badala ya nne, feni ya bafuni haijaunganishwa waya. Wakaniambia chukua tu, utarudisha kwa waranti, nafasi ipo baada ya wiki sita. Nikasema nasubiri hapahapa na hela yangu naisubirisha pia. Vikarekebishwa jioni ileile. Ukishasaini, unaingia kwenye foleni. Na usiku wa kwanza lala karibu na yadi, sio mikoa mitatu mbele. Baada ya maili hamsini za mwanzo simama ukaze nati za magurudumu, kwenye trela mpya zinalegea. Paa unapanda kuliangalia mara kwa mara, ule utomvu mweupe unaoziba viungo ukipasuka kidogo maji yanaingia kwenye ukuta na ukuta wa gundi ukishalowa unavimba, hapo hamna fundi.

Mama yangu Tanga aliponiona kwenye video akanyamaza, halafu akauliza, "Mwanangu, huko Marekani nyumba zimeisha?" Nikamzungusha simu aone kitanda, friji, choo. Akasema haya, ila hayo ni mambo ya wazungu. Nikamsimulia kwamba mwaka 1959 yule Wally Byam, mwenye trela za Airstream zile za bati linalong'aa, zinazotengenezwa Jackson Center hapahapa Ohio, aliongoza msafara wa trela zaidi ya arobaini kutoka Cape Town mpaka Cairo, wakapita Kenya, wakapanda mpaka Ethiopia, kwenye barabara za wakati ule, tope mpaka kwenye ekseli. Mama akauliza walikuwa wanaenda kutafuta nini. Swali zuri, hata mimi sijapata jibu.

Hela sasa. Trela yenyewe inashuka thamani siku unayotoka nayo getini, asikudanganye mtu kuwa ni uwekezaji. Kuna bima, kuna mkopo kama umekopa, kuna kodi ya kiwanja cha kambi ya mwezi na umeme unaosomwa kwenye mita, kuna matairi ambayo yanazeeka kwa miaka hata kama hayajatembea. Kwangu inalipa kwa sababu posho ya makazi ni kubwa kuliko hivyo vyote na kwa sababu nahama. Angekuwa mtu wa kutoka mara mbili kwa mwaka kwenda ziwani ningemwambia kodi trela ya mtu mwingine, rudisha, nenda kalale.

Kwa mtu mmoja inatosha. Kwa wawili wanaoelewana inatosha pia, mume wangu akija wikiendi tunapishana kwa kupeana taarifa, napita mimi, kaa wewe. Ila kama una watoto watatu na una ndugu anayekuja wiki moja halafu anakaa mwezi, hii ndogo usiiguse, tafuta ya ekseli mbili na pikapu la kuivuta, na ukifika yadi kabla kijana hajatoa kalamu fungua mlango wa dereva wa hilo pikapu usome stika.